Mwondolee Koku Ile Ndoo

Mdogo wangu Dativa,

Yesu Kristo asifiwe hapo Kashozi, kwako na kwa wote wa nyumba yako. Goti lako linaendeleaje? Na mama, anakula vizuri, kifua kimemwachia? Mimi huku Mtwara ni mzima, joto tu ndilo linanichosha, ila kwa neema ya Mungu nafika kazini kila siku. Nimeandika kwenye karatasi maana kwenye simu ungenikatiza, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Uliponiambia unamzungusha binti yetu Koku kibanjani, kwenye migomba, na ndoo ya maji kichwani, asubuhi na jioni, ili apate mwendo wa kike kabla wageni wa posa kutoka Kimwani hawajaja kumwona, nilicheka. Baadaye kicheko kikaniishia. Acha nikueleze yaliyonipata hapa getini.

Unajua kazi yangu ni kupekua akina mama wanapotoka kiwandani, wasiondoke na korosho. Mwenzangu Bakari anapekua wanaume. Msimu umeanza, wamekuja vibarua wapya. Siku yao ya kwanza nikatoka kibandani na suruali yangu ya kazi, buti na kofia, nikaenda kusimama mahali pangu. Wanawake wakagoma. Mmoja akasema, "Mimi mke wa mtu, sipapaswi na mwanaume." Nikamwambia mimi ni mama kama yeye. Akasema, "Mama gani ana mabega hayo, na anakuja kama anakwenda kukamata mwizi?"

Upande wa pili Bakari alikuwa amewapa watu mgongo. Bakari ni mfupi, nyonga Mungu alimjalia, na anatembea kwa hatua ndogo ndogo kama anaogopa kukanyaga vifaranga. Kibarua mmoja akamwambia, "Shikamoo mama, wanaume tunapanga wapi?" Bakari akageuka na ndevu zake. "Marahaba, mwanangu. Panga hapahapa kwa mama yako." Watu wakacheka, isipokuwa msimamizi. Akaniambia foleni ikikwama tena kesho, atatafuta mwanamke mwingine wa getini, mwanamke anayeonekana kuwa mwanamke.

Usingizi ulikuwa mgumu, nikasali rozari nzima.

Kesho yake wakaanza tena kunong'ona. Bibi mmoja mbanguaji akasema, "Hebu nenda pale, urudi, tukuone." Nikaenda, nikarudi. "Mwanaume," wakasema. Pembeni palikuwa na ndoo yetu ya maji ya kunywa. Sijui nini kilinituma, nikajitwisha, nikaja nayo hadi getini. Wakanitazama miguu. Halafu bibi akasema, "Aa, ni mama huyu." Nikaitua, nikarudi mikono mitupu. "Mwanaume tena." Wakacheka mpaka wakashikana, kisha wakapanga foleni. Siku hizi wananiita Mama Ndoo, na kazi ninayo bado.

Lakini jambo lile likanikaa kichwani. Mabega yaleyale, suruali ileile, kilichobadilika ni hatua tu, kwa kuogopa maji yasimwagike. Nikaanza kuchunguza watu. Wanapokuja kwa mbali, sura hazijaonekana, nakisia moyoni: huyu mama, huyu baba. Nakosea mno, Dativa. Juzi niliona binti mwembamba anakuja, kiuno kinacheza. Amefika, kumbe ni kijana ana masharubu, kashika kandambili iliyokatika, kokoto zinamchoma nyayo. Na Bakari huyohuyo, mpe gunia begani, utasema ni askari. Jumapili kwenye foleni ya komunyo nikatazama migongo ya watu, mikono kifuani, wote wanakwenda taratibu, nikashindwa kabisa kujua nani ni nani. Mungu anisamehe, nilipaswa kuwa nasali.

Hapo nikakumbuka mwendo wangu niliutoa wapi. Taata, baba yetu, hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mimi ndiye niliyebeba naye kahawa hadi kwenye mzani wa chama cha ushirika, gunia begani. Gunia la begani linataka hatua ndefu, ukizifupisha linakuangusha. Wewe ulikuwa mdogo, ukaambiwa posa yangu ya kwanza ilivunjika kwa sababu wazee hawakuelewana. Si kweli. Wale wageni walinikuta njiani na gunia, wakamtaja Taata, wakaniuliza, "Kijana, kwake ni wapi?" Nikawaonyesha kwa mkono, aibu imenishika. Walipokwisha kukaa na kutafuna kahawa ya kukaribishwa, nikaingia nimeoga, nimejifunga kanga, nikapiga magoti kuwasalimu. Mmoja akasema, "Si ndiye yule kijana wa gunia?" Rubisi, pombe yetu ya ndizi, hawakuimaliza.

Mama akanipa ndoo, kama wewe unavyompa Koku. Mwaka mzima. Nilijifunza, na kila nikiitua mwendo wangu ulirudi. Wale wageni niliwasahau. Ambacho sijasahau ni kwamba Taata hakunipa tena gunia. Alimwajiri mtu, akawa anapita naye mbele ya nyumba, wakizungumza, nami nipo uani na maji yangu kichwani.

Marehemu mume wangu, unakumbuka, mara ya kwanza aliniona kwa nyuma akaniita, "Kaka, ngoja twende wote." Aliniita kaka hadi anafariki, nami nikiitika.

Koku umesema anasukuma baiskeli ya ndizi na baba yake, na mwendo kaupata huko. Basi mwache. Siku ya wageni kama kuna ndizi za kupeleka, azipeleke, wamkute njiani hivyo hivyo. Atakayeingia ndani baada ya hapo atakuwa amemwona. Nakuomba kama dada yako, mwondolee ile ndoo kabla baba yake hajazoea kwenda peke yake.

Msalimie mama, mwambie namwombea. Msalimie shemeji, na mama mwenyekiti wa jumuiya yetu aliyenifundisha rozari. Koku mwambie mama mkubwa anamkumbuka.

Ni mimi dada yako,
Adventina

Nijibu upesi, uniambie umeamuaje.