Lumbesa Angani

Jumatatu, 10 Februari

Ukungu mzito. Lori la chama limepakia Magamba na kunichukua hapa Lushoto saa moja kasoro robo. Magunia thelathini: kabichi, karoti, njegere. Nimeyahesabu mwenyewe, kama impasavyo katibu wa chama cha wakulima. Tumeshuka nyikani hadi kiwanja cha majani karibu na Mombo. Ndege ya mizigo ya Bwana Kosta, anayeirusha mwenyewe hadi soko la Dar es Salaam, ilikuwa imekwisha tua.

Ndege hiyo ni kuukuu. Umri wake ni sawa na wa binti yangu wa kwanza, naye ana watoto wawili. Viti viling'olewa zamani. Ndani inanuka vitunguu. Fundi Hamza, mtu wa Tanga, alikuwa ameweka sufuria chini ya injini ya kushoto kukinga mafuta yanayodondoka.

Mama Hiza, aliyekuja na njegere zake, akamwuliza, "Fundi, ndege gani hii inaharisha kama kuku wa kideri?"

"Kuku wa kideri haruki, mama. Huyu anaruka."

Watu wamecheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika hati ya mizigo.

Ndege ilikimbia karibu kiwanja chote kabla ya kuinuka.

Alhamisi, 13 Februari

Habari mbaya. Bwana Kosta amenijia ofisini. Ni Mgiriki aliyezaliwa Tanga katika mashamba ya mkonge, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha wengi. Amenionyesha barua ya wakubwa wa usafiri wa anga. Kibali cha ndege yake kinakwisha mwezi ujao. Hakitaongezwa ila mkaguzi aridhike, kwa kuwa imeripotiwa kwamba ndege imezeeka na inainuka kwa shida.

Hana ndege nyingine. Aliyokuwa nayo aliiuza ili apate vipuri vya hii. Sisi nasi hatuna njia nyingine. Masika ya mwisho kabla ya ndege kuja, barabara ya Dar es Salaam ilikatika, na njegere za wiki tatu tulizimwaga bondeni.

"Niandikie ombi, Katibu," akasema. "Wewe una maneno. Mimi nina ndege tu, tena nusu."

Nimekubali. Nimeona fahari. Sioni sababu ya kulificha jambo hilo katika daftari langu mwenyewe.

Jumamosi, 15 Februari

Aya ya kwanza nimeiandika mara sita. "Kwa heshima na taadhima" inatangulia. Jina la cheo linafuata. Sababu ya kuandika haiji kabla ya mstari wa nne. Elimu yangu ni darasa la nne la misheni. Yaliyosalia nimeyachuma katika kamusi. Afisa mmoja wa wilaya aliwahi kuniuliza nilisoma chuo gani. Sijamsahau.

Jumatano, 19 Februari

Ndege nusura ianguke. Magurudumu yaligusa ncha za mikonge mwisho wa kiwanja. Bwana Kosta alizunguka, akatua. Aliteremka uso umempauka.

"Injini zako zimelala, Hamza!"

"Injini hazina kosa, bwana. Hii ya kushoto nimeifungua mara tatu. Kumwaga mafuta inamwaga, lakini nguvu inayo."

"Basi kosa ni la nani? La Mungu?"

Amemfukuza pale pale. Hamza alipanga spana zake ndani ya kikapu, taratibu, kubwa chini, ndogo juu. Aliponipita akasema, "Haya, Katibu. Katika hiyo barua yako, na mimi niandike vizuri."

Jioni nimeongeza aya ya tisa: "Fundi aliyedhihirika kuwa mzembe amekwisha ondolewa." Sentensi imekaa vizuri.

Jumatatu, 24 Februari

Ombi limekamilika. Kurasa nne, bila kosa la chapa. Ninayoipenda zaidi ni aya ya saba. Nainakili:

"Wakulima wetu hawampunji mlaji. Kila gunia letu ni lumbesa, yaani hujazwa hadi mdomoni, kisha huongezewa kilemba chenye ujazo wa nusu gunia, kikafungwa kwa majani na kamba ya mkonge. Ndege ya Bwana Kosta imebeba magunia thelathini ya namna hiyo kwa miaka miwili, sawasawa na idadi aliyoruhusiwa, wala haijanung'unika."

Agizo la lumbesa nililitia saini mimi, mwaka ule wa Azimio, ili magunia ya Magamba yapendwe sokoni kuliko ya wengine. Yakapendwa.

Nimemsomea mke wangu. Akasema, "Baba Neema, mbona ndege imekuwa mtu?" Nikamweleza kuwa ndiyo lugha ya maombi. Bwana Kosta ametia saini bila kusoma. Limepostiwa.

Jumanne, 4 Machi

Simu ya maandishi. Mkaguzi atakuja keshokutwa. Nimepiga pasi koti.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika kwa utaratibu yaliyotokea.

Mkaguzi ni kijana mpole, mwenye nguo za kaki. Mkononi alikuwa na ombi langu. Aya ya saba ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu. Nilidhani ameipenda.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Marahaba. Ndimi."

"Umeandika wazi sana." Kisha akaomba mizani.

Lilipimwa gunia moja. Akaomba kilemba kifunguliwe, kikapimwa peke yake. Akaandika, akajumlisha, akarudia kujumlisha. Akamwambia Bwana Kosta, "Wewe uliruhusiwa thelathini. Kila safari ulikuwa unabeba arobaini na tano."

Bwana Kosta alivishika vile vilemba vya majani kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. "Nilidhani ni majani matupu," akasema. "Ya kuzuia mboga zisichubuke."

Miaka miwili hakuuliza. Miaka miwili sikumwambia. Huku kwetu hakuna asiyejua lumbesa. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuitazama asiione.

Mkaguzi aliwasha injini zote mbili, akasikiliza muda mrefu, akazizima. Akasema hazina tatizo la nguvu. Lile la mafuta ni mpira tu. Kisha akalala chini ya bawa na tochi. Pale bawa linapoungana na kiwiliwili, chuma kilikuwa na nyufa. Alimwita Bwana Kosta azione. Akaniita na mimi. Nyembamba kama nywele. Niliziona.

"Hii haikuzeeka, mzee," akaniambia. "Imebebeshwa."

Kibali kimefutwa leo hii.

Ijumaa, 7 Machi

Kamati imekutana. Hakuna aliyenilaumu. Mwenyekiti alisema ni amri ya Mungu, na kwamba ukweli wangu pengine umeokoa roho ya mtu. Mama Hiza peke yake ndiye aliyesimama. "Katibu, onga mshi," akaniamkia kwa Kishambaa, kama mtu anayebisha hodi. Kisha kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Barua yako ilikuwa ndefu mno."

Ni kweli.

Naona aibu. Si kwa kusema ukweli. Ni kwa kuusema bila kujua kuwa ndio ninaousema.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa naifikiria aya ya tisa.

Jumatatu, 17 Machi

Bwana Kosta ameruhusiwa safari moja, bila mzigo, kwenda Dar es Salaam ndege ikabomolewe. Nilishuka kumuaga. Tulikuwa watu watatu tu. Alinipa mkono. Hakuwa na hasira; ningependa awe nayo.

"Ningemsikiliza Hamza," akasema.

Ndege iliinuka kabla ya kufika nusu ya kiwanja. Ilipita juu sana ya mikonge, nyepesi, ikageuka kuelekea kusini. Sijapata kuiona ikipaa hivyo. Nilibaki nimesimama hadi mlio ulipokwisha. Sufuria ya Hamza ilikuwa bado majanini, imejaa maji ya mvua.

Nimeichukua.

Jumamosi, 29 Machi

Masika. Barabara imekatika mara mbili wiki hii. Njegere zimemwagwa. Agizo la lumbesa nimelifuta. Akina mama wanashona midomo ya magunia bapa, na wachuuzi wa Dar es Salaam wamekwisha anza kulalamika.

Nimemwandikia Hamza, kwa anwani ya gereji ya kaka yake huko Tanga, na nakala kwa mkaguzi. Nilianza na "Kwa heshima na taadhima". Nikaichana. Nikaanza tena. Hii ndiyo barua nzima:

"Hamza, injini zako zilikuwa nzima. Magunia yetu ndiyo yaliyokuwa mazito, na agizo lake nililitoa mimi. Nilikuandika vibaya kwa wakubwa. Nimewaandikia kuwa nilikosa. Sufuria yako ninayo."

Nimekwenda posta kwa miguu. Karani, aliyezoea bahasha zangu, aliiweka kwenye mizani. Mshale haukusogea sana.

"Leo nyepesi, mzee," akasema. "Stempu moja inatosha."