Betri Niliyomuuzia Mwalimu Ireri

Alhamisi, Februari. Meru mjini jua limetoka mapema, ila upepo wa mlimani bado una baridi. Sijafungua karakana. Nimekaa kitandani chumbani kwangu hapa Majengo, simu mkononi, na kila ikilia nashtuka.

Nimeamua kuandika mambo kama yalivyotokea jana, kabla sijaanza kujitafutia visingizio.

Wanaosoma ukurasa huu wananijua: Kendi, fundi wa betri. Nanunua betri zilizochoka za pikipiki za umeme, nazifungua, nazipima seli moja moja, na zile zenye nguvu bado nazipanga upya ndani ya sanduku la bati. Mwenye sola anapata pa kuweka umeme wake wa mchana autumie jua likishazama. Zile betri nzito za asidi hufa baada ya miaka miwili mitatu. Zangu ni nyepesi na zinakaa na chaji zaidi. Nimejisifu nazo humu mara nyingi.

Leo sitaki hata kuzisoma sifa hizo.

Jana saa nne asubuhi Mwalimu Ireri alinipigia simu. Alinifundisha fizikia sekondari hapa Meru, na kama si yeye nisingejua waya chanya ni upi. Alipostaafu alirudi kwao Gachoka, kule Mbeere, na mwaka jana nilimpelekea betri mimi mwenyewe. Stima haijafika bomani kwake. Mkewe, Mama Wanja, alivunjika nyonga na hawezi kutembea, kwa hivyo walihitaji taa, na feni ya kumpunguzia joto.

"Kendi," akasema, sauti yake ikiwa na kicheko ndani, "betri yako imenenepa. Kifuniko hakifungi tena."

Seli bapa za aina ile zikivimba, ujue zimejaa gesi. Gesi ikizidi zinapasuka, na zikipasuka zinawaka moto ambao maji ya ndoo hayauzimi.

"Iko wapi, Mwalimu?"

"Chini ya kitanda cha mama. Nimeifunika blanketi wezi wasiione."

Nikamwambia azime swichi ya paneli, asiiguse betri, amtoe mama nje na yeye mwenyewe atoke. Akanijibu kwa utulivu ule ule wa darasani kwamba ataita jirani wambebe mama, kisha atapima joto la sanduku kidogo. Nikasema, "Mwalimu, tafadhali, toka." Simu ikakatika. Nilipopiga tena, haikupatikana.

Haikupatikana tena siku nzima.

Swaleh ni jirani yangu, muuza nyama, na ana pikapu. Sikumweleza vizuri. Nilimwambia tu kwamba kuna watu huenda wakaungua kwa sababu yangu. Akamwachia ndugu yake bucha, akavua koti jeupe, tukaondoka. Kutoka Meru hadi Gachoka ni karibu saa tatu hata ukikimbiza. Nilipiga simu tulipopita Nkubu, nikapiga Chuka, nikapiga Runyenjes. Kila mara ile sauti ya mwanamke iliniambia nijaribu baadaye. Sikuwa na namba ya mtu mwingine yeyote kule.

Njiani Swaleh aliniuliza mara moja tu: "Ulikuwa unajua?"

Jibu lake naliandika hapa.

Kila betri ninayotengeneza huwa na kadi ndogo ya kielektroniki. Kadi nzuri hulinda kila seli peke yake. Seli moja ikijaa kupita kiasi, inakata chaji. Wiki niliyotengeneza betri ya Mwalimu kadi hizo zilikuwa zimeniishia. Nikaweka ya aina nyingine, inayoangalia jumla ya sanduku zima tu. Nilijiambia kwamba mwezi hautaisha kabla sijarudi kuibadilisha. Baada ya hapo nilifika Embu mara mbili kwa shughuli zangu, na Gachoka si mbali na Embu.

Ningependa kusema nilisahau. Sikusahau. Nilijua, nikaahirisha.

Tulifika yapata saa saba. Mtu wa Meru akishuka Mbeere mwezi huu anahisi ameingia jikoni. Kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni mabati ya nyumba, na yalikuwa bado juu. Mama Wanja alikuwa amelazwa kwenye godoro kando ya ghala, jirani yake akimpepea kwa leso.

"Mwalimu yuko wapi, mama?"

"Yuko ndani. Nimemwita mpaka koo limekauka. Anasema anaandika."

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha kulala, daftari gotini. Alikuwa amekifunga kipimajoto cha darasani kwenye sanduku kwa uzi, na kila baada ya dakika kumi anaingia, anainama chini ya kitanda na kusoma. Simu yake iliyoisha chaji ilikuwa mfukoni. Ile betri ndiyo iliyokuwa ikiichaji, na nilikuwa nimemwambia asiiguse.

"Inapanda," akaniambia. Kicheko kilikuwa kimeisha. "Paneli nimezima tangu uliposema, na bado inapanda. Nilitaka uwe na kipimo ukifika."

Nilisikia harufu tamu, kama ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ni harufu ya seli iliyoanza kuvuja.

Hapa sitaficha. Nilirudi nyuma. Hatua mbili, tatu, mpaka mgongo ukagusa fremu ya mlango wa nje. Niliwaza kwamba watu wakishatoka, nyumba na iungue. Nyumba aliyoijenga mtu aliyenifundisha, mimi nikaiwazia moto ili nisiishike ile kazi ya mikono yangu. Kisha nikamwona Mwalimu anaweka daftari chini na kupiga magoti yake mabovu, anataka kulivuta sanduku mwenyewe.

"Usiiguse," nikasema. "Ni yangu."

Swaleh alileta toroli. Tulimwaga mchanga mkavu ndani yake, tukalowesha magunia na kujifunga mikononi. Tuliinua kitanda tukakisogeza. Sanduku lilikuwa limevimba ubavu mmoja, na rangi ya kijani niliyoipaka imeanza kubabuka. Tulilivuta kwa jembe polepole hadi mlangoni, tukalipandisha kwenye toroli. Swaleh alikuwa akiniambia kila hatua, kama anayemfundisha mtoto kutembea: kushoto, sasa pumzika, sasa sukuma.

Tulilenga shamba ambalo ndengu zilikuwa zimeshavunwa, likiwa tupu. Tulikuwa katikati ya shamba sanduku lilipoanza kufoka. Sauti nyembamba, kama sufuria iliyofunikwa ikichemka. Swaleh akaniachisha mipini kwa nguvu, tukakimbia. Nilianguka kifudifudi kwenye mabua makavu. Nilipogeuka, moshi mweupe ulikuwa umefunika toroli, halafu moto ukatoka kwa kishindo, na baadaye kishindo kingine, na kingine, seli moja ikiamsha nyingine.

Swaleh aliungua nywele za mkono. Mimi nilichunika magoti. Hakuna mwingine aliyeumia.

Tulisimama mbali tukitazama gurudumu la toroli likiyeyuka. Mwalimu alitazama saa yake, akaandika, kisha akaniuliza, "Hizi seli ulizipimia wapi?"

"Meru. Karakanani kwangu."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ya Meru," akasema. "Hapa kwangu saa tisa mchana ukuta wa chumba kile huwezi kuuegemea. Na mimi nikaifunika blanketi juu yake." Alikuwa anajitwika nusu ya kosa. Sikuweza kumwachia. Nikamweleza habari ya kadi, pale pale mbele ya mkewe, jirani na Swaleh. Nikasema nilijua na sikurudi.

Aliyesema ni Mama Wanja.

"Siku hizi nilikuwa nahisi joto mgongoni," akasema. "Nilidhani ni homa."

Nilimwomba msamaha. Alimwomba jirani amgeuze upande wa pili.

Moto ulinitisha, lakini lile neno la homa ndilo linanitisha mpaka sasa. Mtu asiyeweza kuinuka alilala juu ya uzembe wangu, siku sijui ngapi, akiamini mwili wake ndio wenye kasoro.

Tulipokuwa tunaondoka Mwalimu alinifuata hadi kwenye pikapu. "Zenye kadi kama hiyo ni ngapi zaidi?" akauliza.

"Nne."

"Basi mbona bado umesimama hapa?"

Kati ya hizo nne, nimezipata tatu. Mkulima wa kahawa wa Githongo nilimpigia jana jioni, akaitoa nyumbani akaiweka peke yake uani, na tukirudi tulipitia kwake tukaichukua. Ilikuwa baridi, haijavimba, na bado sikuweza kuishika bila kuhema. Wengine wawili wako hapa hapa Meru. Leo asubuhi wamezizima na kuzitoa nje, na mmoja wao amenitukana. Sina neno naye.

Ya nne nilimuuzia mama mmoja sokoni Embu. Sikuandika jina lake wala namba yake. Nakumbuka alisema anataka kuwawashia vifaranga taa ya joto, na kwamba anakaa kule chini kwenye joto, upande wa Mbeere. Vifaranga watu huwaweka ndani ya nyumba, wanakolala.

Kama unasoma hapa na unalijua sanduku la bati la kijani, lenye herufi K nyeupe chini ya kifuniko, zima paneli sasa hivi. Toa watu nje. Usiliguse kama limevimba au lina joto. Nipigie, na namba yangu iko juu ya ukurasa huu. Kama hulijui, wasomee wengine ujumbe huu, kanisani, kwenye chama, popote. Nimeambiwa nikiandika hivi hakuna atakayenunua kwangu tena, na huenda nikaitwa polisi. Naogopa hayo yote mawili.

Kesho Swaleh ananipeleka Embu. Nitaanzia kwa wauza vifaranga, niulize kibanda kwa kibanda. Naogopa nitamkosa. Naogopa pia nitampata, anitazame usoni, na itanibidi nimwambie.