Mnada Ndani ya Ngome

Temeke, Jumapili, Agosti 1994

Mdomo wangu huu, leo ungeshonwa tu.

Tumeenda Bagamoyo kuona ile ngome ya zamani iliyojengwa upya: mie, mke wangu, binti yetu Zuhura na mama mkwe. Mtembezaji akatuingiza chumba cha giza, akasema watumwa walifungiwa humu wakingoja kuvushwa Unguja.

Watu kimya. Mie kimya sikiwezi. Nikamnyanyua Zuhura juu, nikapiga zile kelele zangu za kuuzia mitumba: "Chagua, chagua! Mali mpya, haijafuliwa!" Watu wakacheka. Zuhura naye akacheka.

Mama mkwe akamtoa mtoto mikononi mwangu. "Bibi yangu alipitishwa hapa, baba," akasema taratibu. "Mama yake hakumwona tena." Akatoka nje naye.

Njia nzima ya kurudi kampakata Zuhura. Chakula hajagusa. Mke wangu kaniambia, "Nenda kamwombe radhi, kesho alfajiri anarudi Chanika."

Nimeenda. Taa yake bado inawaka. Nimesimama mlangoni natafuta neno la kuanzia, na kila linalonijia ni utani.

Nimerudi huku, sijabisha hodi.