Mtoto wa Theluji Niliyemkwangua

Mama yangu mpendwa,

Kiprotich amelamba dirisha sasa hivi. Ameweka ulimi kwenye kioo chenye barafu, ukanata kidogo, akageuka kuniangalia kama mimi ndiye nimemfanyia. Hajalia. Amesema "moto," maana baridi ikizidi yeye huiita moto, halafu amerudi kulamba tena. Nimemvuta hapa chini ya meza na kijiko na sufuria. Ukiona mahali maandishi yameruka, ujue amegonga mguu wa meza.

Chamgei, mama. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kupaka ilisaidia, ama uliwagawia majirani tena? Nilisikia mvua ya mawe imepiga chai upande wenu mpaka vichaka vikabaki vijiti. Kwa simu ulisema "tuko sawa tu," lakini nakujua. Hiyo ndiyo sauti uliyotumia siku tulipomzika baba. Sisi huku tuko wazima. Baba Kiprotich bado yuko kwa kiwanda cha maziwa, zamu ya jioni, na mimi bado nasafisha na kupika hapa hosteli.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe huweka simu sauti kubwa na Chebet yuko karibu, na haya siwezi kuyasema binti yangu akisikia. Barua utaletewa na mtu anaitwa Ogeto, mchongaji wa mawe kutoka Kisii. Akipita Bomet ataiacha dukani kwa Mama Njeri. Kama macho yanasumbua, Mama Njeri akusomee, lakini nyuma ya duka, si mbele ya wateja.

Huyu Ogeto nilimjua hivi. Katika mji huu, baridi ikifika, kuna mashindano ya kuchonga theluji, na watu wanatoka nchi nyingi. Usifikirie ile mvua ya mawe ya kwetu inayopiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Theluji inaanguka kimya, unaamka unakuta imejaa. Wanaijaza kwenye masanduku makubwa ya mbao, wanaikanyaga kwa miguu, na mbao zikitolewa linabaki gogo jeupe lenye urefu wa milango miwili kama ule wa jikoni kwetu. Kila kundi linapewa gogo moja na siku nne. Mashine hairuhusiwi. Ni misumeno, sepetu na vipande vya bati vilivyotobolewa kwa misumari, kama lile la kukwaruzia karoti.

Na hawachongi tu chochote. Kila mwaka kunatolewa neno moja, na kila kundi linalifikiria kwa njia yake. La mwaka huu lilikuwa "Tunachobeba." Kundi moja lilichonga konokono na nyumba yake. Wengine walichonga mzee amebeba mlango mgongoni, mlango tu, bila nyumba. Kulikuwa na wanawake wanne waliochonga sikio kubwa. Nikawauliza, sasa sikio linabeba nini? Mmoja akaniambia linabeba yale uliyoambiwa na mama yako. Nilisimama pale kwa hilo sikio mpaka miguu ikafa ganzi.

Kundi la Kenya lilikuja watu watatu na sheria inataka wanne. Wa nne alinyimwa visa. Walikuwa wanalala hapa hosteli, na asubuhi ya kwanza Ogeto, kapteni wao, akanisikia nikimkemea Kiprotich kwa Kiswahili. Akaacha chai yake mezani.

"Dada, wewe ni wa wapi?"

"Bomet."

"Mungu ni mkubwa! Una mikono miwili?"

"Si unaiona."

"Basi kuanzia leo wewe ni msanii."

Mwenye hosteli alicheka, akaniruhusu. Hivyo ndivyo mtoto wako aliyeishia darasa la nane alivyoandikwa kwa orodha ya wachongaji.

Mchoro wao ulikuwa mama anachuma chai. Nilifurahi mpaka nikashika mdomo. Halafu nikaangalia vizuri. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni kwa leso, na kikapu kiko mbele, tumboni.

"Kapteni, hii nani alichora?"

"Mimi."

"Umewahi kuchuma chai?"

"Nimewahi kuinywa." Wenzake wakaangua kicheko.

"Mgongo wa mchumaji ni wa kikapu. Kikapu kikikaa hapo mbele, kichaka atakifikia na nini? Na kidevu?"

"Dada, hii ni sanaa. Wazungu wakiona mtoto mgongoni wanalia."

"Na wachumaji wakiona watacheka."

Akachukua msumeno wake. Siku mbili tulichonga hivyo hivyo, mimi nikimchongea yule mama gambuti na ile nailoni ya kufunga kiunoni nguo zisilowe, kila mara nikipita nyuma nasonya. Siku ya tatu akaja kwangu na bati mkononi. Akasema kwao Kisii, mtu akichonga ng'ombe na kuweka pembe mahali si pake, wazee wanaichukua, wanaitazama, wanaiweka chini bila kusema kitu. "Mimi sitaki kuwekwa chini," akasema. "Mtoto atoke. Pale mgongoni patakuwa na kikapu, na kile cha mbele tutakiondoa. Lakini wewe ndiye umesema, kwa hivyo wewe ndiye utamtoa."

Nikapanda ngazi. Sitakudanganya, mama, nilipanda nikiwa na furaha, furaha ya mtu aliyesema kweli akakubaliwa. Nilianza na miguu. Miguu miwili midogo iliyokuwa imekumbatia kiuno, nikaikwangua ikawa kitako cha kikapu. Nikapanda juu zaidi. Ogeto anajua kuchonga. Mtoto alikuwa amelaza shavu upande, mdomo wazi kidogo, vile mtoto hulala akishiba. Bati lilipopita kwenye lile shavu nikalirudisha nyuma.

Nilikumbuka asubuhi niliyoondoka. Chebet alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, amelala mgongoni mwangu. Uliniambia, "Fungua leso polepole asiamke." Wewe mwenyewe ndiye ulifungua fundo. Ulimpokea, nikabaki na mgongo umeloa mate yake. Nilifika Narok blauzi bado haijakauka, nikawa sitaki ikauke.

Nilikwangua nikilia. Huku machozi yanaganda kwenye shavu. Ogeto akidhani ni baridi, akapaza sauti kutoka chini, "Mama Kiprotich, shuka upashe mikono!" Nikakataa kushuka. Nilimaliza kazi. Kichwa kikawa mdomo wa kikapu, na mtu ambaye hakuona mwanzo hawezi kujua kwamba palikuwa na mtoto.

Siku ya nne majaji wakaja. Kila kundi lilikuwa limeandika karatasi ya kueleza maana ya kazi yake, na karatasi yetu ilipelekwa mapema, ikisema huyu ni mama amebeba mtoto na kazi. Hakuna aliyekumbuka kuibadilisha! Jaji mmoja, mama mzee mwenye miwani, akasoma, akazunguka nyuma, akarudi mbele, akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Ogeto akaniangalia mimi. Lugha ya huku ninayo kidogo tu. Nikasema, "Nyumbani. Na nyanya yake."

Yule mama akatazama kikapu. Akauliza tena, "Huyu mama atarudi kumchukua?"

 Nilifungua mdomo, ukatoka moshi tu wa baridi. Akaandika kitu, akaenda kwa wengine.

Hatukupata namba yoyote. Pointi zilikatwa kwa sababu karatasi na kazi havikulingana. Aliyeshika namba moja ni konokono. Mwenzake Ogeto mmoja alisema, "Tumeshindwa mbio na konokono, tutawaambia nini nyumbani?" wote wakacheka, hata mimi. Niliomba msamaha. Ogeto akasema, "Wacha hiyo. Tungeshinda na uongo wangu ningeona haya." Jumatatu trekta itapita kubomoa zote, maana zikianza kuyeyuka zinaweza kuangukia watoto.

Nisalimie kaka yangu Kipngeno, mwambie ng'ombe si pikipiki, asiache kumpumzisha. Nisalimie shangazi anayeuza viazi kando ya barabara Kedowa, na mjomba wa Chebunyo pamoja na mbuzi wake wote. Mama Njeri mwambie asante kwa macho yake.

Mimi binti yako anayekukumbuka kila siku,
Chelangat.

Mama, nimeshaandika jina langu na bado sijasema kilichonifanya nikae chini kuandika.

Karatasi za Chebet za kuja kuishi huku zimekubaliwa. Jibu lilikuja kabla ya mashindano, Baba Kiprotich akanibeba mimi na mtoto pamoja. Dada ya Baba Kiprotich anakuja huku mwezi wa nne na amekubali kusafiri na Chebet. Kitanda tayari tumempatia, kiko kando ya dirisha la chumbani kwetu. Nilikuwa nimepanga kukuandikia mistari miwili tu, mwandalie nguo, anakuja.

Lakini ile simu ya mwisho ulimwambia Chebet, "Salimia mama," na yeye akakusalimia wewe. Ukacheka, na mimi nikacheka. Alipaswa kukuita kogo kama watoto wengine wanavyowaita nyanya zao. Sikulaumu. Akiita, wewe ndiye unaitika.

Nakumbuka ukirudi kutoka kuchuma, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Nilikuwa naviogopa. Ukisema njoo, najificha nyuma ya kogo. Ulikuwa unavisugua kwa limau, unakaa mlangoni, unangoja mpaka nije mwenyewe. Na nilikuwa nakuja. Lakini wewe ulirudi kila jioni, mama. Mimi nimeenda miaka minne.

Nilimtoa mgongoni kwangu akiwa amelala. Sasa nikimtoa kwako, atakuwa macho. Na wewe utabaki na nani kwa hiyo nyumba, hilo pia limenikaa hapa kifuani.

Kwa hivyo muulize. Usimuulize mbele ya watu, muulize mkiwa mnakamua, wakati ambapo huwa anaongea. Mwambie kuna kitanda, kuna ndugu yake mdogo, kuna baba. Mwambie mimi nikicheka nafanana na wewe. Bado nina tumaini, kitanda sitakiondoa hata akisema hapana.

Ogeto anapiga kelele mlangoni, "Mama Kiprotich, gari imefika, huyu dereva hangoji mtu!" Nimemwambia dakika moja. Akikubali, msindikize mpaka Nairobi, ndege aione akiwa na wewe. Akikataa usimlazimishe, usimgombeze, na usimwambie nimelia. Aendelee kukuita mama. Mimi aniite tu Chelangat.