Mgeni Wangu Anatoroka Kwenda Kutwanga Sombe kwa Jirani

Mama Béata, wewe unayetatua ya wenzako gazetini kila Jumatano, leo tatua na yangu, maana roho yangu haina pa kukaa na Ijumaa inakuja mbio.

Binti yangu Ramla anasoma upishi na kazi za hoteli katika chuo kimoja cha mtaa hapa Goma, na chuo hicho kinabadilishana wanafunzi na chuo kama hicho cha Tanga, Tanzania, yaani Ramla alikwenda kuishi kwa mama wa Nasiba huko Tanga, na Nasiba akaja kuishi kwangu Himbi, kila mmoja ajifunze jiko la mwenzake, na mwisho kila mmoja apike mbele ya walimu apewe pointi. Sasa mimi asili yangu ni Kasongo, na kwetu mgeni hashiki ufagio, kwa hiyo Nasiba alipofika nilimpa chumba cha Ramla, nikamtandikia shuka za harusi yangu, na tangu hapo anakula kuku, na kama si kuku ni samaki mkubwa, visamaki vya sambaza tunakula sisi wenye nyumba, na akishika kikombe akioshe nampokonya, na akiingia jikoni namtoa kwa upole nampeleka kwenye televisheni, na mume wangu Yuma akifika jioni, neno lake la kwanza ni, "Mugeni amekula?" Mimi hajawahi kuniuliza hivyo tangu tuoane.

Sasa sikia ya upande wa pili. Ramla wangu, mtoto ambaye hapa hakujua hata beseni la vyombo liko wapi, wiki ileile ya kwanza mama Nasiba alimpa ufagio wa uani, kisha vyombo, kisha akawa anamwamsha alfajiri wakakaange vitumbua vya kuuza, na mtoto akanipigia analia, "Mama, huku niko boyeste yao!" nami nikalia naye, nikamwambia Yuma kwamba wanamfanya mtoto wetu mtumishi wa ndani na sisi huku tunawanenepeshea wa kwao, lakini Yuma akasema tusilipe ubaya kwa ubaya, tuzidishe kuku. Nikazidisha.

Jumapili nikaamka kutoka usingizi wa mchana nisimwone Nasiba, nikatafuta nyumba nzima, na nikamkuta wapi? Uani kwa jirani yangu Dancille, mwanamke wa Rutshuru, amejifunga kitenge, jasho linamtoka, anatwanga majani ya muhogo ya sombe, tena anaimba! Nikamwuliza Dancille anamfanyia nini mgeni wangu, akanijibu bila hata kuinuka kwenye kiti, "Mama Ramla, huyu mutoto anakuya hapa kila siku ukilala. Unamulisha muzuri, lakini iko anasikia njaa ya kazi." Nikamgeukia Nasiba, naye akanishika mkono kwa mikono yake yenye majani, akasema, "Mama, nisamehe, mie nimechoka kukaa ndani kama mwali. Mtihani wangu ni sombe, na kwako sijaliona hata jani lake."

Jana Moïse, msimamizi wa mpango pale chuoni, akaja na maneno mazito. "Mama, Nasiba anaomba kuhamia kwa Mama Dancille. Ukikatala, atarudi kwao, na Ramla naye atarudi, juu walibadilishana nafasi. Utanijibu Ijumaa." Akihama, mtaa mzima utasema mgeni amenikimbia. Yuma anasema Ramla arudi, yaishe, nami nilikuwa nimekubali, nikampigia Ramla nimwambie afunge mizigo, lakini kabla sijafungua kinywa akasema, "Mama, nitakupigia kisha, vitumbua viko kwenye moto," akacheka na mtu aliyekuwa karibu naye, akakata. Kile kicheko, Mama Béata, kiliniuma kuliko kile kilio. Nimwite arudi, au nimwachie Nasiba aende kwa Dancille na mimi nibaki na aibu yangu?

Tafadhali usitaje jina langu, mtaa wetu una masikio.

Mama Ramla, Himbi, geti la bluu karibu na msikiti

*

Mama Ramla wa geti la bluu, mimi nilitaka kukuficha, wewe ndiye umekataa kufichwa.

Pole kwanza. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka nikaweka chai chini. Kisha nikairudia, na mara ya pili sikucheka sana.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usiniambie Kasongo hawaujui msemo huo, nimeishi nao na jembe nilipewa. Wewe umeishia kwenye zile siku mbili. Mtoto wa watu amevuka nchi nzima aje kujifunza jiko lako, wewe unamtoa jikoni umpeleke kwenye televisheni. Kwani Tanga hakuna televisheni? Mama Nasiba hakumfanya Ramla boyeste, alimfanya mtoto wa nyumba. Wewe ndiye umemfungia wa kwake ndani na kuku.

Lakini kuna jambo hukuliandika, nami nitalisema. Kila paja la kuku uliloweka kwenye sahani ya Nasiba, ulikuwa unamtumia Ramla. Ulikuwa unaomba moyoni kwamba ukimtendea hivi wa watu, na wako huko atatendewa hivyohivyo. Kwa hilo sikugombezi. Mimi nina wangu Kisangani, na hakuna mwanafunzi anayepita mlangoni kwangu bila kunywa chai. Na kicheko kilikuuma kwa sababu kilio kilikuwa kinakuita wewe, na kicheko hakikukuita. Inauma, mama, najua. Ila ndicho ulichokuwa unakiomba.

Sasa nisikilize. Ramla harudi. Kesho asubuhi mpe Nasiba kitenge cha kazi, mwende wote sokoni mkachague sombe. Kinu kama huna, maana ninyi wa Himbi mmezoea sombe ya mashine, kaazime kwa Dancille, umwombe radhi palepale na umkaribishe aje kutwanga kwako. Atakucheka. Mwache acheke, ana haki. Nasiba apike na Yuma ale hata kama chumvi imezidi, kisha Nasiba aoshe vyombo na wewe ukae kitako, na mikono ikikuwasha, ikalie. Jioni mpe sambaza, hao wenye nyumba nao wapate kuku, maskini.

Ijumaa Moïse akija, usimjibu wewe. Mwache Nasiba amjibu. Akisema bado anataka kuhama, mfungashie vitu vyake kwa moyo safi, maana mtihani ni wake na si wa heshima yako. Lakini sidhani kama atasema hivyo.

Na mama Nasiba mpigie simu. Si kumgombeza! Mwambie asante, na umwulize Ramla siku hizi anapenda kula nini.

Siku Ramla atakaporudi na begi lake, najua mkono wako utakimbilia kuku. Mpikie, mtandikie zile shuka za harusi, mdekeze siku mbili, ni haki yake na yako. Siku ya tatu mwonyeshe beseni la vyombo liko wapi.