Kinini ya Shefu, Kinini Yako

Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa tano

Papa mupendwa,

Naamini hii barua itakukuta umekaa mbele ya nyumba, miguu haijavimba tena, na Tantine Chilufya anakugombeza kama kawaida yake. Mugongo wake iko namna gani? Wewe usingizi unakuja? Huku tuko wazima. Bwana yangu Djo anakusalimia. Mapalo sasa anakimbia, na kila muzee mwenye kofia anamuita Tata, anafikiri ni wewe babu yake. Barua naipa jirani yetu Elisée, anafuataka samaki Kasenga, juu ya neno moja lilinishinda kusema kwa telefone.

Nianze na Shefu, mbwa wako, najua ndiye unaulizaka wa kwanza, mbele ya mutoto wangu. Shefu iko. Kukohoa kumepunguka. Anakula bukari ya bunga ya mahindi bila chumvi, na bitoyo, ile samaki ya chumvi, hata harufu yake haiingie tena mu nyumba, vile dokta wa banyama alikataza. Akilala, nakaa karibu yake na telefone ya kuangalia dakika, nahesabu kifua chake kinapanda mara ngapi mu dakika moja. Ikipita makumi tatu, nimukimbize kwa dokta. Jana ilikuwa makumi mbili na sita. Lakini papa, ile kuhesabu imeniingia mu kichwa. Nikimaliza Shefu, nahesabu Mapalo. Nikimaliza Mapalo, nahesabu Djo, naye anaamuka anauliza kama alioa muke ao mashini. Naacha nyungu kwa moto nakwenda kuangalia tena. Na wewe kule Kasenga, nakuhesabia wapi?

Ile siku ulifunga valizi ya kwenda Kasenga ukasema kinini za moyo, zile bidonge za dokta, hauzitaki, eti ulifanya kazi ya reli miaka makumi tatu bila kinini, nikakukumbusha kama hata Shefu dokta alimuandikia zake. Ukacheka. Ukasema basi, tufanye mapatano: Shefu akikunywa zake, nawe unakunywa zako, Shefu akikataa, nawe unakataa. Ulijua mbwa hatakubali. Tangu pale, kila saa kumi na mbili ya asubuhi unapiga, unauliza kama mwenzako amekunywa, nami najibu amekunywa.

Mwanzo nilikuwa naficha kinini mu tonge la bukari. Shefu anameza, anajipangusa na ulimi, ananiangalia kama mukubwa wa kanisa. Djo akasema huyu mbwa anatii kupita baba mukwe wake. Nikajisifu kweli.

Halafu siku moja ya posho, kesho yake kanisa, nikanyanyua lile gunia Shefu analaliaka karibu ya mbabula ya makala, nilifue. Chini yake: kinini. Zingine bukari imezikaukia kama udongo. Nikahesabu kumi na saba. Siku tisa, mbili kwa siku, ingepaswa kumi na nane. Na Mapalo anaokotaka kila kitu! Nilimufungua kinywa, nikamunusa, nikamubeba mbio mpaka kwa kituo cha afya, hata kitambaa cha kichwa sikufunga. Mama muganga akamupima, akasema mutoto muzima. Halafu akaangalia muguu wangu, akauliza nini imenata chini ya sandale. Ilikuwa ile ya kumi na nane. Nilicheka mpaka nikalia.

Kutoka pale Shefu akakataa wazi. Ananusa mukono wangu, anageuka. Siku tano nzima. Dokta ndiye alinifundisha: karanga ya kutwanga, matonge matatu. La kwanza tupu. La pili na kinini. La tatu alione tayari mu mukono, ndio aharakishe kumeza la pili. Mapalo namukalisha kando, kinywa wazi, Shefu anaogopa kunyanganywa. Sasa wiki tatu hakuna hata moja amekosa, na mimi namuangalia mpaka chini ya ulimi. Djo analalamika: mbwa karanga, yeye matembele.

Papa, umeshahesabu wewe mwenyewe, nakujua. Siku tisa Shefu alinidanganya. Zile tano, mimi nilikudanganya. Ulipiga asubuhi, ukauliza, nikasema amekunywa, na kinini iko mu mukono wangu, yenye mate. Niliogopa. Ningesema kweli, ungemwanga zako mu muto Luapula siku ile ile.

Kwa nini nakuambia leo? Juu dokta anasema kinini haiponyeshe moyo wa Shefu, inamuongezea tu siku. Kuna asubuhi moja utapiga na mimi sitakuwa na la kujibu. Mbele ifike, nataka ujue: zile siku kumi na ine ulifikiri muko wawili. Haukuwa na mwenzako. Ulikunywa peke yako, papa, na Tantine aliniambia ni mu zile siku kuvimba kwa miguu kulianza kupunguka.

Kasirika. Niko na haki ya kugombezwa. Lakini kunywa kwanza, halafu ugombeze.

Musalimie Tantine na bote ba pale. Elisée analala siku mbili kabla ya kurudi, umupe hata mustari moja. Na ukisoma hii, kesho yake usipige. Saa kumi na mbili mimi ndiye nitapiga, na sitakuambia habari ya Shefu. Nitauliza moja tu: wewe umekunywa?

Mutoto wako anayekupenda,
Estelle, mama Mapalo