Kofi la Mama Limepunguzwa Mwendo

Paje, Unguja

Kwa dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Hujambo wewe, hawajambo shemeji na mwanao Zaituni? Na Mama je? Mkono wake wa kushoto umeanza kufumba vidole, au bado unalala tu mapajani tangu kile kiharusi? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Samaki nakula mpaka nimewachoka, na joto la hapa nimelizoea. Ila roho haijatulia. Utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Nimeandika makusudi, na nakuomba uisome peke yako.

Unakumbuka kabla Mama hajaugua, nilipowarekodi mkitwanga mahindi uani? Kinu kimoja, michi miwili, mnapokezana. Mama alikuwa akiuachia mchi wake juu, anapiga kofi, kisha anaudaka kabla wako haujatua. Nilitumia simu yako kwa sababu yangu ilikuwa mbovu, ukanitumia baadaye. Kofi lile ndilo nililolijengea singeli yangu, ile ya mapigo mia mbili na ushee kwa dakika, ninayowarusha nayo watu hapa hotelini. Mama hapigi tena kofi, dada. Lililobaki ni lile tu.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita nilitumwa mjini, Darajani, kununua waya wa spika. Mwenye duka, Mzee Jivan, alikuwa akimjaribishia mteja spika mpya. Nikasimama na waya mkononi. Muziki ulikuwa wa polepole, wa kutembea kwa madaha, umewekewa kinanda juu. Lakini ndani yake lilikuwamo kofi la Mama. Nililijua palepale, maana hata shavu langu linalifahamu.

"Wa nani huu, mzee?"

"Wa Nurdin, dijei wa Paje. Besi yake safi, ndiyo maana nnajaribia spika."

Nurdin anapiga hoteli ya pili kutoka kwetu. Nikarudi na waya usio sahihi.

Aliyeniingia akilini kwanza ni Hemedi, mwenzangu wa chumbani, anayewatembeza wageni msitu wa Jozani. Nani mwingine anaigusa kompyuta yangu, ninayotengenezea muziki? Tena hivi karibuni alikuwa amenunua viatu vipya. Basi nikaanza kumchunguza. Kompyuta nikailaza chini ya godoro, nikawa nalala juu yake kama kuku anayeatamia. Akinikaribisha chakula nasema nimeshiba, na tumbo linanguruma anasikia. Akinisalimu nasikiliza sauti yake kama ina hatia. Siku moja akaniuliza, "Issa, mie nimekukosea nini?" Nikamjibu, "Wewe ndiye unayejua." Dada, nilimfanyia ubaya yule mtu.

Juzi mchana uvumilivu ukaniishia, nikamwendea Nurdin. Nilimkuta upenuni, karibu na jiko la hoteli yao, anapanga mitambo yake. Nikamwambia umeiba kazi yangu. Hata hakushtuka.

"Wewe wapiga nini?" akaniuliza.

"Singeli."

"Na hii ni singeli? Kwa mapigo mia na ishirini? Huu muziki wa hausi, bwana. Singeli ni mbio. Ukishatoa mbio hamna singeli, na kama hamna singeli, chako nini humu?"

Na mimi mwenyewe nimewaambia watu mara ngapi kwamba singeli ni mwendo! Aliyeniokoa ni mpishi wao, Bi Mwanakombo, mtu wa Makunduchi, aliyekuwa akikuna nazi.

"Nyie vijana mna mambo," akasema. "Harusini kwetu ngoma huanza pole, ikishakolea hukimbia, na jina lake lile lile. Hebu ikaze mwendo, Nurdin, tuisikie."

Nurdin akajishughulisha na nyaya zake. Lakini wapishi wote walikuwa wamekwisha kugeuka, akaukaza. Kinanda kikawa kelele za ajabu, ila kinu kikarudi kuwa kinu, na kofi likarudi kwa Mama. Msichana mmoja wa jikoni akaanza kucheza na sahani mkononi. Bi Mwanakombo akacheka, "Haya, mtoto kajulikana ni wa nani."

Wote walicheka, mimi nikapoa. Mle ndani mlikuwa na sauti ambayo muziki ulipokwenda polepole ilikuwa mngurumo tu, nami nilidhani ni pambo la Nurdin. Ilipokazwa ikawa ya mtoto: "Mama, nimpe bibi maji?" Ni Zaituni wako, dada. Na sauti ya Zaituni mimi niliikata siku ile ile uliponitumia, nikafuta na ile rekodi ya kwanza. Kwenye kompyuta yangu haimo. Hemedi hakuwa na cha kuiba.

Nilimuuliza Nurdin aliipata wapi. Akasema, "Nimeletewa na mtu wa kwenu, kwa ridhaa." Jina hakulitaja. Nikamwambia ridhaa ni ya mama yangu. Akanitazama, akasema, "Na wewe ulimuomba?"

Sikumuomba, dada. Nilishika simu nikarekodi, basi.

Hemedi nimemuomba radhi, na jana tumekula sahani moja. Nimeshamdhania mmoja vibaya, kwa hiyo naogopa kudhani tena. Lakini rekodi yenye sauti ya Zaituni ilibaki mahali pamoja tu, kwenye simu yako. Kama ni wewe uliyeitoa, niambie kwa nini. Kama si wewe, nitajie nani huishika. Na kabla ya yote kaa na Mama, mweleze kofi lake linachezwa huku kwa mwendo wa aina mbili, umuulize kama anapenda. Akisema liachwe, mimi nitakuwa wa kwanza kuacha.

Msalimie shemeji, ila barua usimwonyeshe kwanza. Msalimie mjomba fundi cherehani, na bibi wa jirani aliyetuazima kinu. Zaituni mwambie sauti yake nimeisikia mpaka huku.

Nijibu kwa karatasi, tafadhali. Usinipigie. Nikiisikia sauti yako nitakuamini kabla hujaniambia lolote.

Mdogo wako,
Issa